Shilingi Elfu Saba kwa Gramafoni ya Mwalimu

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Meru mjini
Tarehe: 5 Septemba 2024, kuanzia saa nne na robo asubuhi
Jina la shahidi: Julius Nthiga Njura
Umri: Miaka 61
Kazi: Fundi wa redio na vyombo vya muziki
Makazi: Majengo, Meru. Nyumbani kwa asili ni Siakago, Embu
Maelezo yameandikwa na: Koplo Murungi
Lugha: Kiswahili

Mimi ndimi niliyetajwa hapo juu. Nina kibanda cha kutengeneza redio Majengo, mlango wa tatu kutoka kwa buchari, na nimekuwa hapo tangu mwaka 1991. Natengeneza redio, spika, amplifaya za makanisa, na gramafoni za umeme zile za kuchezea santuri. Gramafoni zimebaki chache. Hapa mjini simjui fundi mwingine anayezifungua na kuzifunga zikabaki nzima. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Nasema ili ieleweke kwa nini niliitiwa hii kazi.

Mwalimu Stanley Thuranira wa Kibirichia namfahamu tangu mwaka 1994. Ni mwalimu mstaafu, ana miaka 79, na analima viazi. Mke wake anaitwa Ciakuthii. Binti yao Winrose, ambaye pia ni mwalimu, ndiye aliyeleta malalamiko hapa kituoni. Gramafoni yake Mwalimu aliinunua mwaka 1977 kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akilima ngano Timau na alikuwa anauza vitu ili arudi kwao. Aliniambia ilimla mishahara ya miezi minne na mama akakaa wiki nzima bila kumsemesha. Kila mwaka, viazi vikishavunwa, alikuwa ananiletea niisafishe na kuitia mafuta. Nikimaliza, tulikuwa tunacheza upande mmoja wa santuri, mimi na yeye, halafu anaifunga kwa blanketi na kwenda. Kwa miaka thelathini hakuniuliza nimefanya nini ndani. Alikuwa anasema, "Wewe ukisema imepona, imepona."

Mnamo tarehe 24 Februari mwaka huu, mama Ciakuthii alianguka shambani akavunjika nyonga. Mimi sikuwepo, nilielezwa na Winrose. Hospitali ilisema afanyiwe upasuaji upesi. Bima ingelipa sehemu, na Winrose alikuwa ametoa alichokuwa nacho, lakini bado kulikuwa na pengo. Mwalimu aliamua kuuza gramafoni. Aliwaambia watu wa nyumbani kwake kwamba haitauzwa mpaka Nthiga aipime na kusema bei yake, kwa sababu Nthiga hawezi kumdanganya. Maneno hayo niliyasikia miezi sita baadaye.

Mnamo tarehe 5 Machi 2024, siku ya Jumanne, saa nne na dakika ishirini asubuhi, nikiwa kibandani, alikuja Gedion Mutugi na pikapu. Huyu ni mtoto wa marehemu ndugu yake Mwalimu. Mwalimu ndiye aliyemlea na kumsomesha, na sasa anauza dawa za mimea hapa mjini. Alikuwa ameibeba gramafoni imefungwa kwa blanketi lile lile. Aliniambia, "Fundi, Mzee anataka ujue hali yake na bei yake. Andika, yeye anataka kuona karatasi." Nilimwambia aniachie, arudi saa saba.

Niliipima hivi. Mtu asiyezijua hizi mashine huangalia mng'aro wa kasha. Mimi huinua sahani kwanza, maana ugonjwa wa gramafoni hukaa chini ya sahani. Ile sahani ni ya chuma cha kumimina, ina uzito wa karibu kilo nne, na haikuwa imepinda hata kidogo. Chini yake kuna gurudumu dogo la mpira ambalo mota hulizungusha, nalo huizungusha sahani. Ukizima mashine kwa kuchomoa waya tu bila kurudisha swichi yake, huo mpira hubaki umebanwa, unaingia shimo, na mashine inaanza kupiga du, du, du ndani ya muziki. Gramafoni nyingi za zamani zimeharibika hivyo. Huu mpira ulikuwa mviringo kabisa. Mwalimu hakuwahi kuzima mashine yake kwa uvivu.

Nililitenga gurudumu, nikaisukuma sahani kwa kidole, nikahesabu. Ilizunguka sekunde arobaini na moja kabla ya kusimama. Mashine iliyochoka haifiki kumi na tano. Mkono wa sindano ulikuwa umenyooka na ulikwenda mpaka katikati bila kukwama. Sindano yenyewe niliitazama kwa lenzi. Niliiweka mimi mwaka 2019, na ilikuwa imeanza kulika upande mmoja, kwa hiyo nilipunguza kwenye bei. Kasha lilikuwa na ufa mdogo kwenye kona ya kushoto nyuma. Nilipunguza tena. Kisha niliiacha izunguke saa nzima, nikaweka kiganja juu ya mota. Ilikuwa na joto kama kikombe cha chai kilichosahauliwa mezani, na hiyo ni afya. Nilimalizia na santuri ya kwaya ninayotumia kupimia, nikasikiliza mahali ambapo waimbaji hunyamaza, maana hapo ndipo mngurumo wa mota husikika kama upo. Haukuwepo.

Vyuma vyote vilikuwa vile ilivyozaliwa navyo. Wanaokusanya vitu hivi hulipia hilo kuliko kitu kingine. Gedion aliporudi, nilimwambia thamani yake ni shilingi laki moja na elfu thelathini, na wasikubali chini ya laki moja na kumi. Aliuliza, "Una hakika?" Nikamwambia ninayo. Akaitazama kwa muda. Akasema, "Hiki kitu Mama alikuwa anakiwekea kitambaa na maua juu." Niliandika hali na bei kwenye karatasi yangu yenye jina la kibanda na namba ya simu, nikatia sahihi na muhuri. Aliondoka saa saba na nusu.

Mnamo tarehe 22 Machi 2024, siku ya Ijumaa, mchana kama saa sita, Mwalimu mwenyewe alikuja kibandani. Alikuwa ametoka soko la Gakoromone kuuza viazi. Nilikuwa na amplifaya ya kanisa moja imefunguliwa mezani na wenye amplifaya wamesimama juu yangu, maana walikuwa na mkutano kesho yake. Nilimwambia, "Mwalimu, karibu kiti." Hakukaa. Siku zote alikuwa anakaa. Aliuliza, "Nthiga, ile mashine uliipima wewe mwenyewe?"

Nilijibu, "Ndiyo, Mwalimu. Niliipima mimi."

"Na karatasi ni yako?"

"Ni yangu. Nimetia na muhuri."

Nilimuuliza kama imeuzwa, akasema imeuzwa. Nilijua vile alivyoipenda, na nilitaka kumpunguzia. Nilisema, "Ni afadhali imeenda, Mwalimu. Vitu vya zamani ni mzigo tu."

Akasema, "Kumbe." Halafu akasema, "Haya, fundi." Miaka yote aliniita Nthiga. Nilirudi kwenye amplifaya. Nilifikiri ana haraka ya kurudi kwa mgonjwa.

Baada ya hapo sikumwona. Mwezi wa Mei nilimpigia simu kuuliza hali ya mama, haikuchukuliwa. Mwezi wa Julai nilimwona ng'ambo ya barabara karibu na stendi, nikampungia mkono. Alinitazama vizuri, halafu akageuka akaingia dukani. Mimi si mtu wa kujilazimisha kwa watu. Nilijiambia mzee ana shida zake. Lakini jambo hilo lilinikaa moyoni, na nilianza kutafuta ni neno gani nilimwambia vibaya. Sikulipata.

Mnamo tarehe 30 Agosti 2024, nilipigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kama Adrian Njagi, mwenye hoteli Embu mjini. Alisema ana gramafoni yenye mlio mbaya, na namba yangu ameipata kwenye karatasi ya hiyo gramafoni. Kesho yake, Jumamosi, nilifika hapo hotelini saa tano kasoro asubuhi. Nilipoingia tu niliitambua. Ilikuwa imewekwa ukutani kwenye sehemu ya vinywaji, chini ya taa ndogo. Bwana Njagi alisema wageni huitazama zaidi ya kuisikiliza. Ugonjwa ulikuwa mdogo, waya mmoja wa kutuliza mlio ulikuwa umelegea nyuma ya amplifaya. Niliukaza kwa dakika tano.

Nilimuuliza aliipata kwa bei gani. Alisema laki moja na ishirini na tano, kutoka kwa kijana wa Meru mwenye pikapu, na kwamba alikubali haraka kwa sababu karatasi yangu ilieleza kila kitu. Alinionyesha. Ilikuwa ile niliyoandika tarehe 5 Machi. Nakiri kwamba nilifurahi. Nilirudi Meru nikiwaza kwamba mama alitibiwa, na kwamba kazi yangu ilikuwa na mkono wake hapo. Niliamua kwenda Kibirichia nimwambie Mwalimu mashine yake iko mahali pazuri na inaimba. Nilifikiri habari hiyo ingemaliza kile kilichokuwa kati yetu, chochote kile.

Mnamo tarehe 2 Septemba 2024, Jumatatu, nilifika nyumbani kwa Mwalimu saa tisa alasiri. Nilikwenda na gari la jirani yangu nililoazima, nikabeba mkate na sukari. Mwalimu alifungua mlango, akasimama pale pale mlangoni kabla ya kunipisha. Mama Ciakuthii alikuwa amelala kwenye kitanda kilicholetwa sebuleni. Alikuwa amepungua. Nilimsalimia, akanijibu akiangalia ukuta. Nilikaa. Sikupewa chai. Anayeijua nyumba ya watu wa huku anajua maana ya kukaa robo saa bila kupewa chai.

Nilieleza habari ya Embu. Nilisema mashine imefika kwa mtu anayeijali, na ile laki moja na ishirini na tano haikwenda bure.

Mwalimu aliuliza, "Laki gani?"

Nikasema tena.

Aliingia chumbani akatoka na Biblia, akatoa karatasi kwenye jalada lake, akanipa. Ilikuwa karatasi ya kibanda changu. Ilisema mota imeungua, mkono umepinda, mpira umeoza, haitengenezeki, ya kuuzwa kama vipuri, thamani shilingi elfu tano. Mwandiko haukuwa wangu. Sahihi ilikuwa yangu na muhuri ulikuwa wangu.

Mwalimu alieleza kwamba Gedion alirudi nayo jioni ya tarehe 5 Machi akiwa na huzuni usoni. Alisema fundi ameikataa. Alisema yeye mwenyewe ataichukua kwa elfu saba, aongeze elfu mbili zake juu ya bei ya fundi, kwa sababu wao ni wazazi wake. Walimshukuru. Mama aliomba akiwa pale kitandani, akamwombea Gedion baraka za kazi na za watoto. Mwalimu hakuamini ile karatasi. Alikaa nayo zaidi ya wiki mbili. Ndiyo sababu alikuja kibandani tarehe 22, kuniuliza kwa mdomo wangu. Na mimi nikamwambia niliipima, karatasi ni yangu, na ni afadhali imeenda.

Aliniambia, "Nilikuuliza mara mbili, Nthiga."

Machi ile, pesa zikiwa hazitoshi, waliacha mambo ya upasuaji. Winrose alikuja kutafuta mkopo mwezi wa Juni, akaupata, lakini alisema daktari aliwaambia mfupa umeshika vibaya na hawezi kuahidi tena. Mama hatembei. Anainuliwa na Mwalimu, na Mwalimu ana miaka 79.

Mama Ciakuthii aliongea mara moja tu nikiwa hapo. Alisema, "Mimi nilimwambia huyu mzee, labda yule fundi alitaka vyuma vya ile mashine. Mungu anisamehe." Nilimwambia hana kosa. Mwalimu aliwasha jiko mwenyewe, akanipikia chai, nikainywa. Alinishika mkono kwa mikono miwili wakati wa kuondoka.

Mnamo tarehe 3 Septemba Winrose alileta malalamiko hapa, na jana nilisikia Gedion ameshikwa. Leo asubuhi, kabla ya maelezo haya, Koplo Murungi amenionyesha gramafoni iliyoletwa kutoka Embu na kuniomba nieleze hali yake. Nimeinua sahani, na nimetambua lehemu niliyoiweka kwenye waya wa mkono mwaka 2008, kwa sababu ya aina ya risasi ya kulehemia niliyokuwa nikitumia wakati huo. Ni mashine ile ile. Hali yake haijabadilika. Thamani yake leo naiweka pale pale, laki moja na elfu thelathini.

Nimeonyeshwa pia karatasi mbili. Ile ya Embu yote ni yangu. Ile ya Kibirichia maandishi si yangu.

Koplo ameniuliza kama najua muhuri ulifikaje kwenye karatasi ya pili. Nilipokuwa Kibirichia, Mwalimu aliniuliza swali hilo hilo. Nilimjibu kwamba Gedion lazima aliiga sahihi yangu na kuchongesha muhuri wa bandia huko mjini, siku hizi huchongwa kwa nusu saa. Winrose aliandikisha hivyo hapa, kwamba muhuri umeghushiwa. Nilimwacha aandikishe.

Si kweli. Hapo Koplo amesimamisha kalamu na kunionya kwamba silazimiki kusema neno linaloweza kunitia hatiani, na nikisema litaandikwa. Nimeelewa. Naomba liandikwe.

Tarehe 5 Machi, nilipokuwa nimekwisha kumpa Gedion karatasi, alisema, "Fundi, niongezee moja tupu yenye muhuri. Mnunuzi akitaka nakala yake nitaijaza mimi, nisikusumbue tena." Ningeweza kuandika nakala. Ni mistari minane. Lakini kulikuwa na mtu amesimama na redio mkononi, na nilikuwa sijala tangu alfajiri. Nilichana karatasi, nikatia sahihi chini, nikapiga muhuri, nikampa. Hakunilipa chochote kwa ajili yake. Hata soda sikununuliwa. Nilimpa kwa uvivu tu, na kwa sababu alikuwa mtoto wa nyumba ya Mwalimu.

Nilikumbuka pale pale Kibirichia, karatasi ikiwa mkononi mwangu. Sikumbuki kama nilichagua kudanganya. Niliona mama akiwa kitandani, na Mwalimu akiningoja niseme, na mdomo ukasema muhuri umeghushiwa. Ndipo nikapikiwa chai. Niliinywa nikijua. Tangu siku hiyo nimejaribu kujiambia kwamba aliyeiba ni Gedion, na ni kweli, aliiba yeye. Lakini Mwalimu hakumwamini Gedion. Aliuamini muhuri wangu, nami niliutoa kama mtu anavyotoa moto wa sigara.

Leo nimemleta Mwalimu mwenyewe kwa gari la jirani yangu, kwa sababu naye ametakiwa kuandikisha maelezo yake. Njia nzima kutoka Kibirichia tuliongea habari za viazi na mvua. Yuko nje kwenye benchi. Bado sijamwambia. Nimeomba nimwambie mimi kabla hajasomewa na mtu mwingine.

Nimesomewa niliyoyasema tangu mwanzo hadi hapa. Sina la kupunguza wala la kurekebisha. Ni yangu, na nimeyasema bila kushurutishwa.

(Sahihi) J. N. Njura

Maandishi ya afisa: Maelezo haya nimeyaandika mimi, nikamsomea shahidi naye akayakubali na kutia sahihi mbele yangu saa sita na dakika arobaini mchana. Shahidi alionywa kisheria kabla ya sehemu ya mwisho na akaamua kuendelea. Faili itapelekwa kwa mkuu wa upelelezi ili aamue hadhi ya shahidi huyu katika kesi. Shahidi alitoka nje akaketi na Mzee Thuranira kwenye benchi kwa muda wa kama dakika kumi. Sikusikia walichozungumza. Saa saba na dakika tano Mzee Thuranira aliingia ofisini akaandikisha maelezo yake. Alipomaliza, aliniomba nimtafutie gari lingine la kumrudisha Kibirichia.

(Sahihi) Koplo Murungi